Maana ya Hisani ya Ng'ambo

Hisani ya ng'ambo ni utoaji wa hiari wa fedha, vitu, ujuzi au muda, unaofanywa na mtu wa kawaida kutokana na kipato chake cha kila siku, kwa ajili ya watu wa nchi nyingine ambao hana undugu nao wala hawadai wala hawamdai, na ambao huenda asionane nao maishani. Hapa ninaizungumzia hasa ile inayoelekezwa vijijini, kwa kuwa vijijini ndiko wanakoishi wengi wa watu maskini kabisa duniani, na ndiko huduma za umma huchelewa kufika: maji salama, zahanati yenye dawa, shule yenye walimu wa kutosha, na barabara inayopitika majira yote ya mwaka.

Ni vizuri kuitenga kwanza na mambo yanayofanana nayo. Misaada rasmi ya maendeleo hutoka serikalini, hulipwa kwa kodi na hupitia mikataba baina ya dola na dola. Mlipa kodi haulizwi kama anataka kutoa. Fedha ambazo wahamiaji huwatumia wazazi na ndugu zao nazo ni jambo jingine, kwa sababu zinafuata njia za ukoo na wajibu wa kifamilia, ijapokuwa kwa ukubwa zinaishinda misaada yote rasmi: kwa takwimu za Benki ya Dunia, nchi za kipato cha chini na cha kati zimekuwa zikipokea zaidi ya dola bilioni 600 kwa mwaka kwa njia hiyo katika miaka ya karibuni. Msaada wa dharura, kama wa njaa, mafuriko au tetemeko la ardhi, ni tawi la hisani, lakini una mantiki yake, kwa kuwa unalenga kuokoa uhai kwa wiki au miezi kadhaa, wala hauahidi kubadili maisha ya kijiji. Mikopo midogo kupitia mitandao kama Kiva, iliyoanzishwa mwaka 2005 na inayomwezesha mtu kukopesha kuanzia dola 25 bila kupata riba, imesimama mpakani, kwa kuwa mtoaji hutarajia kurudishiwa fedha yake.

Kinachoipa hisani ya ng'ambo sura yake ya pekee ni kwamba anayelipa siye anayehudumiwa. Mnunuzi akiuziwa kitu kibovu harudi tena kwa muuzaji yule, na mpiga kura aliyechoshwa na diwani wake humng'oa katika uchaguzi unaofuata, lakini mwanakijiji aliyeletewa kisima mahali pasipofaa hana njia nyepesi ya kumfikia mtu wa mbali aliyekigharamia. Kati yao kuna shirika, na shirika hilo huishi kwa kumridhisha mtoaji, kwa picha, barua na taarifa ambazo huyo mtoaji hawezi kuzihakiki kwa macho yake. Sisemi kwamba mashirika hayana uaminifu, maana mengi yanaendeshwa na watu wenye uchungu wa kweli na wanaofanya kazi kwa malipo madogo. Ninasema kwamba hata palipo na nia njema kabisa, sauti ya mtoaji hufika kwa urahisi kuliko sauti ya mpokeaji, na kasoro nyingi nitakazozitaja zinaanzia hapo.

Kutoa kwa ajili ya mgeni ni jambo la kale. Zaka, sadaka na wakfu vimekuwapo kwa karne nyingi. Kilicho kipya ni utaratibu wa kukusanya michango midogo midogo ya watu wengi na kuipeleka nchi nyingine. Mwaka 1919 huko London, Eglantyne Jebb na dada yake Dorothy Buxton walianzisha Save the Children kwa ajili ya watoto waliokuwa wakifa njaa katika nchi zilizoshindwa kwenye Vita Kuu ya Kwanza, tendo lililohitaji ushupavu kwa kuwa Waingereza wengi bado waliwahesabu watu wale kuwa maadui. Mwaka 1937, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe nchini Hispania, mwandishi wa habari John Langdon-Davies alianzisha mpango wa kumuunganisha mfadhili mmoja na mtoto mmoja, mpango uliokuja kuwa Plan International. Oxfam ilianza mwaka 1942 mjini Oxford kama kamati ya kuwasaidia Wagiriki wenye njaa. Mizizi hiyo yote imo katika vita vya Ulaya. Baadaye ndipo mashirika hayo yalipogeukia vijiji vya Afrika, Asia na Amerika ya Kusini.

Katika historia hiyo yumo Mmarekani Dan West, ambaye alikuwa akigawa maziwa kwa wakimbizi wa vita vya Hispania, akaona kwamba kikombe cha maziwa hakitoshi na kwamba familia inahitaji ng'ombe. Mwaka 1944 kundi la kwanza la mitamba lilisafirishwa hadi Puerto Rico, na shirika lililotokana na wazo hilo, Heifer International, likaweka sharti ambalo kwangu ndilo la busara kuliko yote katika uwanja huu: familia iliyopokea mtamba humpa jirani ndama jike wa kwanza atakayezaliwa. Kwa sharti hilo aliyepokea naye anakuwa mtoaji, na hesabu ya kama mradi umefaulu inafanyika pale pale kijijini, kati ya watu wanaojuana.

Leo hisani hii hupita katika njia kuu tatu: fedha, vitu na kazi ya kujitolea.

Fedha ndiyo njia rahisi kusafirisha na, kwa ushahidi uliopo, mara nyingi ndiyo yenye matokeo mazuri zaidi. Kwa muda mrefu watoaji waliogopa kwamba maskini akipewa fedha mkononi ataifuja. Hofu hiyo imepimwa. Katika utafiti mkubwa uliofanywa katika kaunti ya Siaya nchini Kenya, zaidi ya kaya 10,500 katika eneo lenye vijiji 653 zilipewa na shirika la GiveDirectly kiasi cha dola 1,000 hivi kila moja, bila masharti, kwa njia ya simu. Watafiti waligundua kwamba kila dola iliyoingia ilizalisha takriban dola 2.5 za shughuli za kiuchumi katika eneo lile, kwamba hata kaya ambazo hazikupewa kitu zilinufaika kwa sababu majirani waliopewa walinunua bidhaa na huduma zao, na kwamba bei hazikupanda kwa kiwango cha kutisha. Matokeo hayo hayamaanishi kwamba fedha taslimu hutibu kila tatizo. Kaya moja moja haiwezi kujijengea barabara wala kumwajiri muuguzi. Hata hivyo yanamtaka kila mwenye mradi aeleze kwa nini mradi wake utawafaa wanakijiji kuliko kupewa gharama yake wakaamua wenyewe.

Yako mambo ambayo msaada wa bure huyafanya vizuri kuliko soko. Nchini Kenya, wanauchumi Jessica Cohen na Pascaline Dupas walijaribu kutoa vyandarua vyenye dawa kwa bei mbalimbali katika kliniki za wajawazito. Bei ilipopandishwa kutoka bure hadi senti 60 za dola, idadi ya waliochukua chandarua ilishuka kwa asilimia 60, na waliopewa bure hawakukitumia kwa uzembe kuliko walionunua. Dhana kwamba mtu hathamini asichokilipia inarudiwa sana katika mijadala ya misaada, na katika jambo hili haikuthibitika.

Ufadhili wa mtoto, ambao kwa watu wengi ndio mlango wa kwanza wa hisani ya ng'ambo, unahitaji ufafanuzi. Mtoaji hutuma kiasi kidogo kila mwezi na hupokea picha na barua za mtoto mmoja. Katika mashirika mengi fedha hiyo haimfikii mtoto huyo peke yake, bali huchanganywa na za wafadhili wengine kwa ajili ya shule, afya au maji ya jamii nzima. Utaratibu huo una mantiki, kwa kuwa mtoto mmoja hawezi kuchimbiwa kisima chake, lakini mtoaji anastahili kuelezwa waziwazi. Kuhusu matokeo, utafiti uliochapishwa mwaka 2013 juu ya mpango wa shirika la Compassion katika nchi sita ulikuta kwamba watoto waliofadhiliwa walisoma kwa mwaka mmoja hadi mwaka mmoja na nusu zaidi ya ambavyo wangesoma bila ufadhili, jambo ambalo si dogo hata kidogo.

Kuhusu vitu nitasema machache. Nguo, vitabu na vifaa vilivyotumika huonekana kuwa msaada wa bei nafuu kwa sababu mtoaji hahesabu gharama ya kusafirisha, kutoa bandarini na kuchambua. Kwa upande wa dawa, hali iliwahi kuwa mbaya kiasi kwamba mwaka 1996 Shirika la Afya Duniani na washirika wake walitoa mwongozo: dawa zinazotolewa msaada ziwe zimeombwa, ziwe na lebo yenye lugha ambayo wahudumu wa afya wa nchi husika wanaielewa, na kwa kawaida ziwe zimebakiza angalau mwaka mmoja kabla ya kuisha muda wake.

Maji yanastahili nafasi zaidi, kwa kuwa hakuna mradi unaowagusa watoaji kama kisima. Siku ya uzinduzi maji hutoka, picha hupigwa, na fedha huhesabiwa kuwa imefanya kazi yake. Lakini pampu ya mkono ni mashine. Ina mpira unaolika, mnyororo au fito zinazokatika, na bomba linaloshika kutu. Mwishoni mwa muongo wa 2000, makadirio yaliyokusanywa kutoka nchi za Afrika kusini mwa Sahara yalionyesha kwamba takriban pampu moja kati ya tatu ilikuwa haifanyi kazi. Nyingi kati ya hizo zilikwama kwa sababu kipuri hakikupatikana karibu, fundi hakuwapo, au kamati ya maji haikuwa na fedha ya matengenezo.

Mfano unaofundisha kuliko yote ni wa PlayPump, bembea ya kuzunguka iliyobuniwa Afrika Kusini, ambayo watoto wakiicheza husukuma maji hadi kwenye tangi. Wazo lilipendeza mno. Mwaka 2006 serikali ya Marekani na taasisi za hisani ziliahidi dola milioni 16.4, na lengo likawa kusimika pampu 4,000 kufikia mwaka 2010. Vijijini hali ilikuwa tofauti: watoto walichoka, wanawake wakaachiwa kazi ya kuizungusha, bei yake ilikuwa mara kadhaa ya pampu ya kawaida, na ilipoharibika wanakijiji hawakuweza kuitengeneza wenyewe. Mwaka 2009 gazeti la The Guardian lilikokotoa kwamba, ili pampu moja iwatosheleze watu 2,500 kama ilivyoahidiwa, ingepaswa kuchezwa kwa saa 27 kila siku. Mpango ukasitishwa. Baadhi ya vijiji hivyo vilikuwa na pampu za mkono zilizong'olewa ili kuipisha bembea, na sidhani kama wanawake waliokuwa wakichota maji pale wangekubali badiliko hilo kama wangeulizwa mapema.

Kazi ya kujitolea ndiyo njia ya tatu. Mipango mikubwa ilianza na vijana waliotumwa kwa muda mrefu: VSO ya Uingereza mwaka 1958, kisha Peace Corps ya Marekani mwaka 1961, ambayo makundi yake ya kwanza yalipelekwa Ghana na Tanganyika. Muda wa kawaida wa Peace Corps ni miaka miwili pamoja na miezi ya mafunzo ya lugha, na muda huo una maana, kwa kuwa mtu asiyejua lugha ya kijiji hutumia wiki zake za kwanza akihudumiwa kuliko anavyohudumia. Safari fupi za wiki mbili za kupaka rangi shule au kufyatua matofali ni jambo jingine. Kijijini hakukosi watu wa kupaka rangi. Kunakosekana ujira wa kuwalipa. Nauli ya ndege ya mgeni mmoja ingeweza kuwalipa mafundi wa kijijini kwa muda mrefu, na kazi yao ingekuwa bora. Anayefaa kwenda ni yule mwenye ujuzi usiopatikana huko na aliye tayari kuuacha kwa wenyeji, kama daktari wa upasuaji anayewafundisha wenzake, au mhandisi anayeitwa kukagua daraja.

Lipo tawi moja la kujitolea ambalo ninaamini liepukwe kabisa, nalo ni ziara za kulea watoto katika vituo vya yatima. Nchini Kambodia idadi ya vituo hivyo iliongezeka kwa asilimia 75 kati ya mwaka 2005 na 2010, ingawa karibu watoto watatu kati ya wanne waliokuwamo walikuwa na mzazi aliye hai. Fedha na upendo wa wageni viligeuka kuwa sababu ya kuwaondoa watoto vijijini kwao. Australia, katika sheria yake ya utumwa wa kisasa ya mwaka 2018, ilikuwa nchi ya kwanza kuitambua biashara hiyo ya kuwaingiza watoto vituoni kuwa aina ya utumwa. Fedha iliyokusudiwa yatima hufanya kazi njema zaidi ikimsaidia bibi, shangazi au mama mjane kumlea mtoto nyumbani.

Mtu anayetaka kutoa mara nyingi huuliza ni asilimia ngapi ya mchango itatumika ofisini. Swali hilo si baya, na hesabu za mashirika mengi zipo wazi kwa umma, kama vile katika Tume ya Hisani ya Uingereza na Wales au katika fomu 990 za kodi nchini Marekani. Lakini shirika linaweza kutumia kidogo sana ofisini kwa sababu halimlipi mtu yeyote wa kurudi kukagua pampu zake. Ni afadhali kuuliza nani kijijini aliuomba mradi, nani mwenyeji anauongoza, nani atalipia vipuri mwaka wa tano, na mwanakijiji asiyeridhika hupeleka wapi malalamiko yake. Shirika lenye majibu mahususi kwa maswali hayo linastahili kupewa mchango mdogo wa kila mwezi usiofungwa kwenye mradi mmoja, kwa kuwa mishahara ya mafundi na mafuta ya pikipiki ya mkaguzi hulipwa kwa fedha ya namna hiyo, na ni nadra kupata mfadhili anayeomba kugharamia vitu hivyo.