Padri aliyeitenga hesabu yake na mimbari

Kila mwaka tukifika mada ya ulimwengu hapa skuli, Unguja, mwanafunzi huuliza: "Mwalimu, si haya yalishaandikwa kwenye msahafu?" Jibu langu huanza na Georges Lemaître. Wanashangaa, maana padri wanayemjua ni wa kanisa la Minara Miwili pale Mji Mkongwe, si wa milinganyo.

Lemaître alikuwa Mbelgiji. Alipigana Vita vya Kwanza vya Dunia, akapata upadri 1923, kisha akaenda Cambridge kusoma kwa mwanafalaki Arthur Eddington, na baadaye Marekani. Mwaka 1927 alichukua milinganyo ya Einstein ya mvutano na vipimo vya galaksi 42, yaani makundi makubwa mno ya nyota, akaonyesha kuwa kadiri galaksi ilivyo mbali ndivyo inavyotukimbia kwa kasi zaidi.

Hapa wengi huteleza, wakidhani galaksi zinarushwa na bomu. Darasani nakata tyubu ya baiskeli, natia nukta za chaki, wanafunzi wawili wanaivuta. Nukta hazitambai juu ya mpira; mpira wenyewe ndio unaotanuka, na ukisimama kwenye nukta yoyote utaziona nyengine zote zikiondoka, za mbali zikienda mbio zaidi. Mwanga ulio njiani nao hutanuka: mawimbi yake hurefuka kuelekea upande wa nyekundu, na huko kurefuka ndiko tunakokupima.

Einstein aliikubali hesabu, fizikia yake akaikataa. Lemaître hakurudi nyuma. Mwaka 1931 alisema ulimwengu ulianzia kwenye atomu moja ya mwanzo.

Mwaka 1951 Papa Pius XII akaihusisha nadharia hiyo na uumbaji. Ungedhani padri angefurahi. Hakupendezwa hata kidogo. Kwake nadharia ilikuwa nje kabisa ya dini, anayeamini na asiyeamini wakaipime sawasawa. Nami naamini alisema kweli. Kasi ya kutanuka aliyoikokotoa ilikuwa karibu kilomita 600 kwa sekunde kwa kila megaparseki, yaani kwa kila umbali ambao mwanga huchukua miaka zaidi ya milioni 3 kuuvuka. Leo tunapata kama 70. Aliyeifunga imani yake kwenye ile 600 angeipeleka wapi?

Alifariki 1966, akiwa ameshapata habari kwamba wanasayansi Penzias na Wilson wamenasa mnururisho, yaani mionzi hafifu, uliobaki tangu zama za mwanzo. Mwaka 2018 wanafalaki wa dunia walipiga kura kupendekeza kanuni ya kutanuka, iliyokuwa ikiitwa kwa jina la mwanafalaki Mmarekani Edwin Hubble peke yake, iitwe ya Hubble na Lemaître. Ubaoni naandika majina yote mawili. Mwanafunzi akikuta kitabu chenye jina la Hubble peke yake, ajue ni kanuni ile ile.