Je, wajua kwa nini chupa ya kupimia vijidudu vya maji haisuuzwi?

Mtoto wa Newala, kule juu kwenye uwanda wa Makonde ambako maji ni ya taabu, hufundishwa mapema: suuza ndoo kwanza, ndipo ukinge. Sasa amekua, kaajiriwa maabara ndogo ya maji mjini Mtwara, katumwa kuchukua sampuli bombani. Mkono wake unafanya ulichozoea: anasuuza chupa, anamwaga, anajaza. Sampuli imeharibika hapo hapo, na hakuna wa kulibaini kwa macho.

Chupa hiyo hutoka maabara ikiwa imetakaswa, na ndani imetiwa sodiamu thayosalfeti kidogo. Kazi ya kemikali hiyo ni kuizima klorini ya maji ya bomba. Ukisuuza, inamwagika. Klorini itaendelea kuua vijidudu njia nzima mpaka maabara, na majibu yataonyesha maji safi kuliko yale wanayokunywa watu. Shirika la Afya Duniani linataka bakteria wa E. coli asionekane kabisa katika mililita 100 za maji ya kunywa, kwa hiyo kosa la sekunde tano linatosha kugeuza “hayafai” kuwa “yanafaa”.

Tena ndani ya kasha la barafu la kubebea sampuli kuna chupa nyingine ya kupimia chumvi na madini, na hiyo mara nyingi husuuzwa kwa maji yanayochukuliwa. Bomba moja, mtu mmoja, chupa mbili, masharti yanayopingana!

Ndiyo maana naamini karatasi iliyobandikwa ukutani si mafunzo. Mgeni aelezwe habari ya klorini, afuatane na mzoefu, kisha mzoefu akae pembeni amtazame. Ndani ya maabara apewe maji ambayo msimamizi anajua yana nini, yeye hajui. Akipatia mara kadhaa, ndipo aruhusiwe kupima sampuli za wananchi. Kiwango cha kimataifa cha maabara za upimaji, ISO/IEC 17025, toleo la 2017, kinadai kumbukumbu za umahiri na idhini ya kila mpimaji, hata maabara iwe na watu wawili tu.

Njia mpya ya kupima nayo huingizwa hivyo hivyo: sampuli moja hupimwa kwa njia zote mbili kwa muda, majibu yakalinganishwa, kabla ya kuiacha ya zamani. Kwa watu wawili hiyo ni kazi maradufu, na msimamizi apunguze sampuli za kawaida kipindi hicho badala ya kuwakamua.

Maabara nyingine hutofautisha chupa kwa rangi za vifuniko. Inasaidia, mpaka mzigo mpya ufike kutoka Dar es Salaam na vifuniko vyote ni vya buluu. Aliyefundishwa rangi tu atakwama. Aliyeelezwa klorini atauliza kabla hajatoka: chupa ipi imetiwa kemikali?