Lupasi na mtego wa siku njema

Mtu mwenye lupasi hujitunza vizuri sana siku anayoumwa. Anameza dawa kwa saa, anapumzika, anapokea simu za ndugu. Kazi inakuja siku anapoamka mwili mwepesi, viungo vimelegea, upele wa mashavuni umefifia. Siku hiyo atafua, atadeki, atahudhuria shughuli mbili, na kidonge cha asubuhi kitabaki mezani kwa kuwa "leo niko sawa". Ukiniuliza ni wapi watu hujiumiza zaidi bila kujua, nitakuonyesha siku hiyo.

Lupasi ni hali ambayo kinga ya mwili, badala ya kupambana na vijidudu peke yake, inatengeneza antibodi (protini za kushambulia) dhidi ya mwili wenyewe. Inaweza kugusa ngozi, viungo, figo, damu, mapafu, moyo hata ubongo, na hakuna wagonjwa wawili walio sawasawa. Haiambukizi. Haina tiba ya kuiondoa kabisa, ila hutulizwa na dawa, na hapo ndipo mtego ulipo: ikitulia, mwenyewe hudhani imeondoka, kumbe imeshikiliwa.

Dawa zinazodanganya

Nianze na haidroksiklorokwini, kwa kuwa ndiyo msingi wa tiba na ndiyo inayoachwa ovyo kuliko zote. Dawa hii hujikusanya mwilini polepole. Nafuu huonekana baada ya wiki 6 hadi 12, wakati mwingine miezi 6, kwa hiyo wengi huiona haifanyi kazi na kuiweka kando mwezi wa pili. Inavyoingia polepole ndivyo inavyotoka. Ukiiacha leo, wiki ya kwanza hupati kitu, ya pili hupati kitu, unajiambia ulikuwa unameza bure. Ugonjwa unachachamaa wiki kadhaa baadaye, na hakuna tena anayekumbuka kidonge kilichoachwa. Lawama zinakwenda kwa baridi, kwa mawazo, au kwa chakula cha jana.

Kipimo cha kawaida hakizidi miligramu 5 kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Mtu wa kilo 60 basi mwisho wake ni miligramu 300, na kidonge kinachopatikana sana ni cha miligramu 200. Ndiyo maana daktari anaweza kuandika kimoja leo na viwili kesho. Mpango huo huvurugika haraka usipowekwa kwenye kalenda: tarehe za shufwa viwili, za witiri kimoja. (Mwezi wa siku 31 utakupa siku mbili mfululizo za kidonge kimoja. Haina neno.) Meza na chakula, tumbo lisikusumbue. Dawa hii inaweza kudhuru retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, kwa hiyo ipimwe ndani ya mwaka wa kwanza, kisha kila mwaka kuanzia mwaka wa tano, na mapema zaidi kama figo ni dhaifu.

Prednisoloni, dawa ya jamii ya steroidi, ni kinyume chake: inaleta nafuu ndani ya siku chache, na ndiyo maana watu huipenda kisha huichukia. Inapandisha sukari na presha, inanenepesha uso, inadhoofisha mifupa, inafungua mlango kwa maambukizi. Meza asubuhi baada ya kula. Ya jioni itakunyima usingizi. Lakini jambo kubwa ni hili. Mwili una tezi mbili ndogo juu ya figo zinazotengeneza steroidi yake wenyewe. Ukimeza prednisoloni zaidi ya wiki tatu hivi, tezi hizo hulala, na ukikata ghafla hazina uwezo wa kuamka siku hiyo hiyo. Mtu anaishiwa nguvu, anaona kizunguzungu akisimama, anatapika, presha inashuka, na anaweza kufa. Kwa hiyo dozi hushushwa ngazi kwa ngazi, kwa maandishi ya daktari. Ukianza kutapika na vidonge havikai tumboni, usingoje kesho. Nenda hospitali na useme neno la kwanza kabisa, "ninatumia prednisoloni". Andika pia kwenye kadi na uiweke kwenye pochi, maana aliyezimia hasemi.

Methotreksati, dawa ya kubana kinga, kwa lupasi na baridi yabisi humezwa mara moja kwa wiki. Narudia, kwa wiki. Kuimeza kila siku kumeua watu, na kosa huanza na mambo madogo: maandishi ya haraka, au vidonge vya nguvu mbili tofauti ndani ya nyumba moja. Dozi ya miligramu 15 ni vidonge sita vya miligramu 2.5, ukipewa vya miligramu 10 ukameza sita kwa mazoea, umemeza 60. Dai nguvu ileile kila unapochukua dawa. Chagua siku ambayo jina lake halifanani na nyingine: Jumatatu na Jumatano huchanganywa kwenye mwandiko mbaya, Ijumaa haichanganywi na kitu. Asidi ya foliki, vitamini ya kupunguza madhara yake, huwekwa siku nyingine, kama daktari atakavyopanga. Vidonda vya mdomo, homa, michubuko isiyo na sababu, kikohozi kikavu chenye kubana pumzi: usimeze dozi inayofuata kabla ya kuonana na daktari.

Na dawa za kawaida za duka? Ibuprofeni na diklofenaki hutuliza maumivu lakini huumiza figo, na figo ndizo lupasi inazozipenda. Usizimeze bila kuuliza. Kotrimoksazoli, dawa ya maambukizi ya bakteria, inaweza kuchochea ugonjwa kwa baadhi ya wenye lupasi, na ukiichanganya na methotreksati inaweza kuangusha chembe za damu. Virutubisho vinavyotangazwa kuwa "vinaongeza kinga" vikae mbali nawe. Kinga yako haina upungufu wa juhudi.

Kupima nyumbani

Figo huharibika kimyakimya. Haziumi. Mtu anaweza kujisikia vizuri kabisa huku protini inavuja kwenye mkojo, ndiyo sababu kipimo cha mkojo kila baada ya miezi mitatu hivi hakisamehewi hata kama huna dalili. Katikati ya vipimo, kuna vitu viwili unaviona mwenyewe. Cha kwanza ni povu: povu la kawaida hupotea haraka, la protini hukaa juu ya mkojo na kurudi kila unapokojoa. Cha pili ni kifundo cha mguu. Jioni, bonyeza kidole gumba juu ya mfupa wa mbele wa mguu, sentimita chache juu ya kifundo, hesabu hadi tano, kisha achia. Ngozi ikirudi pale pale, sawa. Likibaki shimo, na uzito umepanda kilo mbili ndani ya siku chache, hayo ni maji, si mafuta. Piga simu kliniki.

Daftari la dalili wengi hulianza kwa kurasa nzima na kulitupa wiki ya pili. Mstari mmoja unatosha, hivi:

"Tarehe 12. Kukakamaa asubuhi dk 40. Uchovu 6/10. Joto 37.1. Presha 128/82. Dawa zote. Juani muda wa saa 1."

Dakika za kukakamaa zina thamani kuliko neno "naumwa sana". Daktari akiona zimetoka 15 hadi 70 ndani ya wiki tatu, ana kitu cha kushika. Andika hata siku njema, kwani bila hizo hana cha kulinganisha.

Homa ya nyuzi 38 au zaidi ichukuliwe kuwa maambukizi hadi ithibitishwe vinginevyo. Homa ya lupasi ipo, lakini kosa la kudhani "ni ugonjwa wangu tu" ni ghali mno kwa mtu ambaye kinga yake imebanwa na dawa. Prednisoloni pia hufunika homa, kwa hiyo ukiwa na baridi kali ya kutetemeka kipimajoto kikasema 37.5, usikiamini sana. Maumivu ya kifua, pumzi kubana, mguu mmoja kuvimba, degedege au kuchanganyikiwa havisubiri miadi.

Nguvu na jua

Uchovu wa lupasi hauishi kwa kulala. Makosa ni yale ya siku njema: kufanya kazi za wiki nzima kwa mchana mmoja, kisha kulala siku tatu. Jaribu hivi. Kwa wiki mbili, andika muda wa kazi unaouweza bila kuzidiwa kesho yake. Tuseme ni dakika 40. Anzia na 30, pumzika 15 kabla hujachoka, kisha endelea. Siku njema usiongeze. Siku mbaya punguza nusu lakini usilale kutwa, maana misuli isiyotumika huongeza uchovu huohuo. Ukishikilia wiki mbili bila kuanguka, ongeza dakika tano. Inachosha akili mwanzoni, kwani hakuna kinachouma kama kuweka ufagio chini hali bado una nguvu.

Jua huamsha lupasi, na si ngozi tu: linaweza kuleta maumivu ya viungo siku kadhaa baadaye. Kofia pana, mikono mirefu, na losheni ya kukinga jua yenye SPF 30 au zaidi, mistari miwili ya urefu wa kidole kwa uso na shingo, dakika 15 kabla ya kutoka, kisha kila saa mbili. Wengi hupaka robo hadi nusu ya kiasi hicho. Kioo cha dirisha la gari hupitisha sehemu ya miale hiyo, kwa hiyo dereva naye apake.

Anayetaka mtoto apange mapema na daktari: ugonjwa uwe umetulia kwa miezi 6 hivi, na methotreksati na maikofenoleti (dawa nyingine ya kubana kinga) zibadilishwe kabla ya kubeba mimba kwa kuwa hudhuru kijusi. Haidroksiklorokwini kwa kawaida huendelea.

Watu walio karibu

Nyumbani, ombi la "nisaidieni" halibebi kitu. Ombi lenye siku na kazi hubeba: "Ijumaa jioni upike wewe, mimi nitakunja nguo nikiwa nimekaa." Aliye mzima anajua anachopaswa kufanya, na mgonjwa habaki mtazamaji ndani ya nyumba yake.

Kikundi cha kusaidiana hukaa vizuri kikiwa na watu 8 hadi 12, dakika 90, mara moja kwa mwezi. Wakizidi, wanaongea wawili na wengine wanasikiliza. Mwezeshaji abadilishwe kwa zamu, kila mtu apewe dakika tano kwa kutazama saa, na mtu awe na haki ya kusema "leo napita". Sheria tatu ziandikwe siku ya kwanza: yanayosemwa hayatoki, hakuna kutaja dozi kama ushauri wala kupeana vidonge, hakuna kuuza chochote. Ya tatu ndiyo itakayojaribiwa mapema. Atakuja mtu mwema kabisa na chupa ya dawa "iliyomponya shangazi", na mwezeshaji asipomkatiza siku hiyo, mwezi ujao watakuwapo wawili walioacha prednisoloni.

Vikundi vingi hufuatilia wanaolalamika na kusahau walionyamaza. Mie ningependa kila mwanachama awe na mwenza mmoja, wa kupigiana simu kila Jumapili, dakika tano, hata kama wote ni wazima. Maswali yawe yaleyale, yasigeuke maongezi ya "vipi, mzima?":

"Vidonge vimebaki vya siku ngapi? Wiki hii umeruka mara ngapi? Ukibonyeza mguu, shimo linabaki? Kipimo cha mkojo kinachofuata ni tarehe ngapi?"

Jibu la kwanza likiwa chini ya siku saba, dawa ichukuliwe kesho. Na akijibu "sijabonyeza, niko poa tu", mwambie abonyeze sasa hivi, simu ikiwa wazi.