Hakodate wakati wa sakura: yanayosemwa na yaliyopo

"Ukifika Japani baada ya mwanzo wa Aprili, sakura, maua ya mcheri, umeyakosa." Hayo ni ya Tokyo. Hakodate iko Hokkaido, kisiwa cha kaskazini, na maua huchanua mwishoni mwa Aprili hadi mwanzoni mwa Mei. Nenda Goryokaku, ngome yenye umbo la nyota iliyokamilika mwaka 1864, ambayo sasa ni bustani yenye miti ya sakura ipatayo 1,500. Ukipanda mnara ulio kando yake, hadi mita 90 juu, utaiona nyota nzima imezungukwa na maji na rangi ya waridi. Ila beba koti zito. Wastani wa joto la Aprili ni nyuzi 7 hivi, na upepo wa bahari unapenya hadi mifupani.

"Ngisi wa Hakodate yupo mwaka mzima." Hili ndilo linalowavunja moyo wageni wengi. Ni kweli mji umemteua ngisi kuwa samaki wake rasmi, lakini msimu wa surume-ika, yule aliyeupa mji sifa, hufunguliwa Juni. Tena siku hizi anavuliwa kwa uchache sana kuliko zamani, na bei imepanda. Wakati wa sakura, uliza yari-ika, ngisi mwembamba aliyechongoka kama mkuki. Nyama yake ni laini na ina utamu wake, na mimi simhesabu kuwa mbadala tu wa surume-ika.

"Ngisi mbichi mzuri ni mweupe." Tuliozoea ngisi wa barafu tunaamini hivyo. Sogea kwenye tangi katika soko la asubuhi, Asaichi, hatua chache kutoka stesheni ya Hakodate. Ngisi hai anaonekana kama kioo, na vitone vya hudhurungi ngozini mwake hutanuka na kusinyaa kila anaposhtuka. Akikatwa papo hapo, nyama inapitisha mwanga. Weupe huja baadaye, kadiri saa zinavyopita.

Kuna na video za ngisi anayechezesha mikono juu ya wali baada ya kumwagiwa sosi ya soya, na watu husema anateswa akiwa hai. Hapana, ameshakufa. Chumvi ya sosi huamsha misuli ambayo bado ina nguvu ndani yake. Asiyetaka kumla asimle, lakini asimsingizie mpishi ukatili.

"Mwislamu akila vya baharini hana la kuuliza." Analo. Mayai ya samoni, ikura, huvunwa vuli, kwa hiyo ya Aprili yametoka kwenye friza, na mara nyingi huwa yamelowekwa katika soya iliyochanganywa na sake, pombe ya mchele. Sosi nyingi pia hutiwa mirin, nayo ina kileo. Uliza hivi: "Osake wa haitte imasu ka?" Yaani, kuna pombe humu?

La mwisho ni treni. Shinkansen, treni ya kasi ya Japani, haifiki mjini. Tangu 2016 inaishia Shin-Hakodate-Hokuto, kilomita 18 hivi nje, na hapo unapanda treni nyingine kwa dakika 20 hivi. Anayelitaka soko alale mjini, maana Mei linafunguliwa saa 11 alfajiri, na kufikia saa 8 mchana vibanda vingi vimeshafunga.