Saa Saba Nchi Kavu: Kushuka na Familia Kwenye Bandari za Ugiriki

Nimefanya kazi kwenye meli za watalii miaka kumi na moja, na mingi kati ya hiyo niliipitisha kwenye meza ya matembezi, pale abiria wanapokuja kuuliza, "Kesho tukifika tufanye nini?" Siku hizi niko Mombasa, nawapangia safari watu wa huku na jamaa zetu walioko Ulaya na Ghuba. Familia nyingi huja na hesabu ileile: ratiba inasema meli itakuwa bandarini kuanzia saa moja asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, kwa hiyo tuna saa kumi za kutembea.

Hamna saa kumi. Meli ikishafunga gati, ruhusa ya kushuka huchukua nusu saa hivi, na waliolipia matembezi ya meli ndio hutangulia. Jioni, abiria wote hutakiwa kuwa ndani nusu saa kabla ya kuondoka, na mimi huwataka wateja wangu wawe wamesharudi gatini saa moja kabla ya hapo. Ondoa chakula, choo, na mtoto aliyepitiwa na usingizi begani kwa baba yake. Mnabaki na saa saba, na hizo ni za siku njema. Ndiyo maana huwa nasisitiza: bandari moja, jambo moja. Familia iliyoona kitu kimoja vizuri hurudi melini ikisimulia. Iliyokimbilia vitu vinne hurudi imenuniana.

Kabla ya bandari zenyewe, viza. Ukiwa na pasipoti ya Kenya au Tanzania unahitaji viza ya Schengen, yaani viza moja ya nchi nyingi za Ulaya, Ugiriki ikiwemo, na safari nyingi za visiwa vya Ugiriki hupitia Kuşadası, Uturuki. Meli ikienda Uturuki umeshatoka Schengen, na ikirudi Ugiriki unahesabiwa umeingia mara ya pili. Basi omba viza ya kuingia zaidi ya mara moja, na uangalie masharti ya Uturuki pekee yake. Nimeshuhudia familia ya watu watano ikizuiwa kupanda meli pale Piraeus, masanduku yakiwa miguuni, kwa sababu aliyewauzia tiketi hakuwaeleza jambo hilo. Mama yao alikuwa ameweka akiba kwa miaka. Sijaisahau sura yake.

Piraeus ndiyo bandari ya Athens, na mjini kwenyewe ni kama kilomita kumi. Treni ya metro inafika, njia ya kijani na ya buluu, na zote zinapita Monastiraki, chini tu ya Akropolis, kilima chenye mahekalu ya kale. Tiketi za Akropolis sasa huuzwa kwa saa maalumu, na tangu Aprili 2025 bei ni yuro 30 kwa mtu mzima. Nunueni mapema kwenye intaneti, mchague saa mbili asubuhi lango linapofunguliwa. Julai 2023 joto lilizidi hadi pakafungwa saa za mchana, na kule juu kivuli hakuna. Marumaru ya pale imesuguliwa na nyayo za watu mpaka inateleza hata ikiwa kavu, kwa hiyo vaeni raba, na mtoto mchanga mbebeni kwa kanga, kigari cha kusukuma ni mzigo bure. Asiyeweza kupanda asikate tamaa, kuna lifti kwa wenye shida ya kutembea. Mkishuka, ingieni Makumbusho ya Akropolis. Sakafu yake ya mbele ni ya kioo, na chini yake unaona nyumba na mitaa ya mji wa zamani. Watoto hulala kifudifudi pale wakachungulia, na bibi anapata kiti na kiyoyozi.

Santorini ndiko ninakotumia muda mwingi zaidi kuelezea, kwa kuwa ndiko siku huharibikia. Hapana gati la meli kubwa. Meli husimama katikati ya kreta iliyojaa bahari, iliyoachwa na mlipuko wa volkano yapata miaka 3,600 iliyopita, na abiria hushushwa kwa mashua hadi bandari ya zamani. Mji wa Fira uko juu ya jabali, zaidi ya mita 200. Njia za kupanda ni tatu: ngazi zaidi ya 580, punda, au vibanda vya kebo. Kebo hupanda kwa dakika chache tu, ila foleni yake wakati meli tatu zimefika pamoja inaweza kula saa nzima au mbili, juani. Mwaka 2025 kisiwa kiliweka kikomo cha abiria 8,000 wa meli kwa siku, na Julai mwaka huohuo ikaanza ada ya yuro 20 kwa kila abiria kwa msimu wa kiangazi, hapo na kisiwa cha Mykonos. Kwa kawaida kampuni ya meli ndiyo huikusanya, kwa hiyo ulizeni kama imo kwenye bei mliyopewa.

Kuhusu punda nasema wazi: msiwapande. Tangu 2018 sheria inakataza kuwabebesha zaidi ya kilo 100 au moja ya tano ya uzito wao. Sisi wa pwani tunaojua Lamu tunamtambua punda aliyechoka kwa kumtazama masikio.

Kwa familia yenye watoto na wazee, Santorini ni mahali ambapo nawashauri wanunue matembezi ya meli. Mabasi hupakia bandari nyingine, Athinios, na hapo foleni ya kupanda mnaikwepa, inabaki ya kushuka tu. Nawapeleka Akrotiri, si kijiji cha Oia. Oia ni picha nzuri na msongamano wa kubanana mabega. Akrotiri ni mji mzima uliofunikwa na majivu ya ule mlipuko, uliochimbuliwa kuanzia 1967, nao uko chini ya paa kubwa, kwa hiyo mnatembea kivulini. Mnaona nyumba za ghorofa, mitungi ya kuhifadhia chakula ikiwa imesimama ilipoachwa, na mifereji ya maji machafu chini ya barabara. Kwenye kuta zake palipatikana picha za nyani wa rangi ya buluu, sasa ziko kwenye makumbusho mjini Fira. Wataalamu wamebishana iwapo ni nyani wa Bara Hindi au tumbili wa Afrika. Mtoto wa Kilifi akiziona hana ubishi: "Mama, huyu tumbili!"

Mykonos ni upepo. Meltemi huvuma kutoka kaskazini Julai na Agosti, na anayejua kusi na kaskazi hahitaji kuelezwa kwamba nahodha ndiye mwenye neno la mwisho. Bahari ikitulia, pandeni mashua ya nusu saa mwende Delos, kisiwa cha magofu kisicho na wakazi, mkiwa na maji na kofia.

Rhodes ndiyo bandari ninayoipenda kuliko zote. Meli inafunga gati karibu na kuta za mji wenyewe, kwa hiyo hamhitaji basi wala matembezi ya kulipia. Mnaingia lango kwa miguu. Wapiganaji wa Kikristo wa Mtakatifu Yohana waliutawala kuanzia 1309 hadi 1522, wakang'olewa na Sultani Suleiman wa Waturuki, na ndiyo maana unakuta ngome, makanisa na misikiti katika vichochoro vilevile. Aliyekulia Mji wa Kale wa Mombasa hapatamshangaza. Njia zimetandikwa kokoto za baharini zilizosimamishwa wima, moja baada ya nyingine, na ukivaa ndala nyembamba utazihisi zote. Bibi mmoja niliyewapeleka na wajukuu zake alikaa kwenye ukingo wa chemchemi, akavua viatu, akasema, "Mwanangu, mimi nimefika. Nyie endeni." Tulimkuta baada ya saa mbili anakunywa juisi ya machungwa, paka wawili miguuni.

Fikeni pia mtaa wa Wayahudi. Sinagogi la Kahal Shalom ni la 1577. Mwanzoni mwa karne ya 20 watu wengi wa mtaa huo walihamia Kongo, hasa Elisabethville, ambayo leo ni Lubumbashi. Moïse Katumbi, mwanasiasa wa Kongo aliyekuwa gavana wa Katanga, baba yake alitoka hapo Rhodes. Waliobaki, zaidi ya 1,600, walisombwa na Wanazi Julai 1944 na kupelekwa kambi ya mauaji ya Auschwitz, na waliorejea hawakufika mia mbili. Wateja wangu wa Kongo husimama kwa muda mrefu mbele ya majina ukutani, wakikuta ya ukoo wanayoyajua kutoka nyumbani.

Katakolon ni kijiji kidogo, lakini Olympia, palipofanyika Michezo ya Olimpiki ya kale, iko kilomita 40 hivi. Hapo nendeni asubuhi kabisa, na muache makumbusho hadi mwisho. Mkipita chini ya tao la mawe mnatokea uwanjani: ardhi tupu, majani pembeni, na mstari wa mawe ya kuanzia wenye mifereji miwili ya kushikia vidole vya miguu. Umbali wa mbio ni mita 192. Msichana wa miaka tisa kutoka Eldoret aliuliza kama wasichana walikimbia hapo. Nikamwambia walikuwa na mashindano yao ya kumuenzi mungu Hera, na njia yao ilipunguzwa sehemu moja ya sita. Akafikiri, akaweka vidole kwenye mfereji, akakimbia mita zote 192.