Mali ya pamoja: maana yake katika vijiji vya visiwa vya Maluku

Kuna kauli moja nimeichoka. Kila vinapotajwa vijiji vya visiwa vya mbali huko Indonesia, mtu ataandika kwamba kule hakuna mwenye mali, kila kitu ni cha wote, na wengine watairudia. Mara nyingi husemwa kwa nia njema, kama kuwasifu wanakijiji. Lakini si kweli, na wanaoumia kwa kauli hiyo ni wanakijiji wenyewe.

Mali ya pamoja ni mali yenye wenyewe wanaojulikana, ambao hawakuigawana vipande, na ambao huamua kwa pamoja nani atumie nini, lini na kwa kiasi gani. Maana ndiyo hiyo. Mali isiyo na mwenyewe ni jambo jingine kabisa: kila apitaye huchota, na hakuna wa kumwuliza. Hivi viwili vimechanganywa mno, hata wasomi wamevichanganya. Mwaka 1968 Garrett Hardin, mwanabiolojia wa Marekani, aliandika makala iliyosomwa dunia nzima, akieleza jinsi malisho ya wote yanavyoharibiwa na kila mfugaji anayeongeza ng'ombe wake. Malisho aliyoyaeleza hayakuwa na baraza, mpaka wala mlinzi. Baadaye alikiri kwamba alipaswa kutaja wazi kuwa anazungumzia malisho yasiyosimamiwa. Elinor Ostrom, aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2009, alitumia miaka mingi kuonyesha kwamba watu wa kawaida hutunga sheria za kutunza walichonacho pamoja, na sheria hizo hudumu vizazi na vizazi.

Sasa twende Maluku, visiwa vilivyo mashariki ya Indonesia.

Huko kijiji cha asili huitwa negeri. Kina raja, yaani mkuu wa kijiji, kina baraza liitwalo saniri, kina koo, na kina eneo lake la nchi kavu na la bahari liitwalo petuanan. Ndani ya neno hilo mna tuan, yaani bwana, mwenye kitu. Mpaka wa petuanan unajulikana: kutoka kilima kile hadi rasi ile, na kwa upande wa bahari mara nyingi hadi pale mwamba wa matumbawe unapokatika na maji kugeuka kuwa ya kina. Wavuvi wa negeri ya jirani wakitaka kuvua humo, huomba. Wasipoomba, huwa ugomvi, na ugomvi wa mipaka Maluku si mchezo. Umewahi kumwaga damu.

Chukua Haruku, kisiwa kilicho mashariki ya kisiwa cha Ambon. Katika negeri yenye jina hilohilo kuna mto uitwao Learisa Kayeli, na kuna samaki wadogo jamii ya dagaa waitwao lompa. Lompa hushinda mtoni mchana, usiku hutoka baharini kutafuta chakula, alfajiri wakarudi. Wanapoanza kuonekana pwani wakiwa wachanga, hutangazwa sasi, yaani marufuku ya kuvuna mpaka muda ufike. Wanaosimamia ni kewang, walinzi wa negeri. Kuanzia siku hiyo hakuna kuingiza mashua mtoni huku injini ikinguruma, wala kutupa taka majini. Anayetaka lompa wa chambo huwavua kwa ndoana, tena nje ya mto. Mtoto akivunja sasi huchapwa bakora tano za henzerani, moja kwa kila mgawanyo mkubwa wa koo za Haruku, ajue kwamba amezikosea zote tano. Mtu mzima hulipa faini.

Siku ya kufungua huja takriban mara moja kwa mwaka, samaki wakiwa wamekua. Ngoma hulia kabla ya mapambazuko. Kewang huwasha mienge ya makuti makavu kwenye mlango wa mto, na lompa huufuata mwanga na kuingia. Wavu hukingwa mlangoni nyuma yao. Kukipambazuka raja hutupa wavu wa kwanza, kisha watu wote huingia majini, wakubwa kwa watoto, na nyavu, vikapu na ndoo. Fungu la wajane na mayatima hutengwa. Kwa kazi hiyo ya kutunza mazingira, kewang wa Haruku walipewa tuzo ya taifa ya Kalpataru mwaka 1985. Mto wenye kalenda, walinzi, adhabu na fungu la yatima hauwezi kuitwa mto usio na mwenyewe.

Kusini-mashariki zaidi kuna visiwa vya Kei, na huko ndiko kauli ya "kila kitu ni cha wote" inapokosea zaidi. Watu wa Kei wana sheria ya mila iitwayo Larvul Ngabal. Larvul ni damu nyekundu, Ngabal ni mkuki wa Bali, kwa kuwa masimulizi yao yanaieleza sheria hiyo kuwa ilianza na wageni waliotoka kisiwa cha Bali. Ina vifungu saba, na cha saba kinasema: hira i ni fo i ni, it did fo it did. Cha wengine kibaki chao, chetu kibaki chetu. Watu wanaodaiwa kutojua "changu" na "chako" wamekiweka kifungu hicho ndani ya sheria yao kuu.

Na mgawanyo wao wa "changu" na "chako" ni wa makini kuliko hati nyingi za mjini. Ardhi ni ya ukoo au ya kijiji, lakini mnazi ni wa aliyeupanda na warithi wake. Unaweza kumiliki minazi bila kumiliki udongo inaposimama (mtu wa Mafia au Pemba ataelewa hili haraka). Mtumbwi ni wa mtu, na nyumba ni ya familia. Wageni waliokaribishwa miaka mingi iliyopita wanaweza kulima na kuvua wakiwa na hak makan, yaani haki ya kula. Watakula na watoto wao watakula, lakini hawawezi kuuza, wala hawaamui lini mwamba ufungwe. Haki ya kula na haki ya kumiliki zinakaa mahali pamoja bila kugongana, mradi kila mtu akumbuke ipi ni yake.

Hata sasi yenyewe si ya jumuiya peke yake. Ukiingia kijiji cha Kei ukaona kuti changa la mnazi limefungwa kwenye mti, hiyo ni hawear, jina lao la alama ya sasi. Huenda mti huo ni wa mtu mmoja aliyechoka kuibiwa madafu akaomba ufungwe. Kuna wanaokwenda kwa wazee wa mila, na katika Maluku wako wanaokwenda kanisani, marufuku ikatangazwa na kuombewa siku ya ibada. Vijiji vya Waislamu navyo vina sasi ya msikiti. Hawear hufungwa pia kwenye ardhi yenye mgogoro, asiiguse yeyote hadi shauri liishe. Kuti lile lile hutunza mali ya mtu, ya ukoo, au ya kijiji kizima.

Ya kijiji kizima inayojulikana sana ni ya lola, kome mkubwa mwenye gamba la umbo la pia. Gamba lake hukatwa vifungo vya mashati na huuzwa mbali. Kijiji hufunga miamba yake mwaka mzima au zaidi, kisha huifungua siku chache tu, watu wakazamia. Mwaka 1987 serikali ilimweka lola katika orodha ya viumbe vinavyolindwa, kukusanya na kuuza kukawa kosa la kisheria. Waliokuwa wamemtunza kwa sasi wakajikuta upande mmoja na wezi wa miamba, kwa sababu sheria haikutofautisha mwenye mali na mpita njia.

Hapo ndipo mchanganyo huu wa maana unapoacha kuwa jambo la lugha tu. Sheria ya ardhi ya Indonesia ya mwaka 1960 inaitambua hak ulayat, haki ya jumuiya za mila juu ya eneo lao, lakini kwa sharti kwamba haki hiyo bado ipo na haipingani na maslahi ya taifa. Mwaka 2007 ikaja sheria ya pwani iliyoruhusu wawekezaji kupewa haki juu ya maji ya pwani kwa miaka 20, wakiweza kuongezewa muda, kuihamisha na hata kuiweka rehani. Huwezi kumruhusu mwekezaji aiweke rehani bahari ya Haruku kama unaamini ina mwenyewe. Wavuvi na mashirika waliipeleka mahakamani, na mwaka 2011 Mahakama ya Katiba ikazifuta haki hizo. Mwaka 2013 mahakama hiyohiyo ikaamua kwamba msitu wa mila si msitu wa dola.

Visiwa vya Aru, majirani wa Kei, viliponea chupuchupu. Mpango wa mashamba ya miwa ulitaka karibu hekta laki tano, zaidi ya nusu ya nchi kavu ya visiwa hivyo, kana kwamba ile misitu ya sago (miti inayotoa unga wa chakula) na ya kuwindia ilikuwa pori tupu. Ni misitu ya koo. Wanakijiji waliusimamia ukweli huo, wanafunzi na makanisa wakaungana nao, na mwaka 2014 waziri wa misitu akatangaza kwamba mpango hautaendelea.

Kwa hiyo ndugu mwandishi, sina shida na kuwasifu watu hawa kwa kuishi kwa kushirikiana, wanastahili. Ila badala ya "haina mwenyewe" andika jina la mwenyewe: mto ni wa negeri ya Haruku, msitu ni wa ukoo fulani, mnazi ni wa mama fulani. Na kama hujui, waulize nani hufunga sasi, nani huifungua, na nani ana haki ya kula tu. Watakujibu bila kusita.