Mgongo wako haukuvunjwa na sindano yangu

Wiki iliyopita mama mmoja wa kujifungua kwa upasuaji alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, mgongo wazi, spiriti ikimtiririka hadi kiunoni, akingoja nimchome sindano ya ganzi mgongoni. Akageuka: "Daktari, dada yangu alichomwa hiyo, hadi leo kuinama kufua hawezi. Mimi nilaze tu usingizi." Maneno haya nimeyasikia mpaka huwa nayamalizia mwenyewe moyoni.

Jamani. Uti wa mgongo, yaani ule ugwe wa neva unaopita ndani ya mifupa ya mgongo, kwa mtu mzima huishia karibu na pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno. Sindano inaingia chini ya hapo, kwa kawaida kati ya ya tatu na ya nne, ambako kuna nyuzi za neva tu zinazoelea kwenye maji. Unene wa sindano yenyewe ni kama nusu milimita. Dawa ni kama mililita 2, haijazi nusu ya kijiko cha chai, na baada ya saa chache miguu inarudi. Palipochomwa panaweza kuuma siku kadhaa, kama bega baada ya chanjo.

Basi mgongo unaouma miezi sita baadaye umetoka wapi? Homoni za ujauzito zimelegeza kano za nyonga, tumbo limevuta kiuno mbele miezi na miezi, na sasa mama ananyonyesha ameinama kama anayetafuta shilingi sakafuni, saa sita usiku na tena saa tisa. Waliojifungua kawaida bila kuchomwa chochote nao wanalia na mgongo, ila wao hawana daktari wa ganzi wa kumsingizia. Weka mto mapajani, mtoto apande kwenye titi, si titi limfuate mtoto. Nasema hivi kila siku.

Na huo usingizi mnaouona salama? Mtu akilala, uwezo wa kukohoa unaondoka. Kwa mjamzito mlango wa juu wa tumbo umeshalegea, na uchungu unachelewesha chakula kushuka, kwa hiyo kilichomo kinaweza kupanda na kuingia mapafuni. Daktari Mendelson wa Marekani aliliandika hili mwaka 1946, nasi bado linatunyima raha. Ongeza koo lililovimba, mpira wa kupumulia unaogoma kupita, na oksijeni inayoisha haraka kuliko kwa mtu asiye na mimba. Mmoja aliniapia hajatia kitu kinywani. Dakika kumi baadaye akatapika ubwabwa. Bahati yake alikuwa macho, kwa sindano hiyo hiyo ya mgongo, akageuza kichwa na kukohoa.

Sisemi ganzi haina lake. Presha hushuka, ndiyo maana tunakuinamisha upande wa kushoto na dawa ya kuipandisha iko tayari mkononi. Wapo pia tusiowachoma, kama wale ambao damu yao haigandi vizuri.

Kichwa kuuma? Hilo kweli lipo, ila si kwa sababu uliinua kichwa mapema au ulilalia mto. Ni maji yanayovuja kwenye tundu la sindano. Daktari August Bier wa Ujerumani alijaribiwa sindano hii mwaka 1898 na kichwa kikamuuma siku kadhaa. Za wakati ule zilikuwa nene. Kikikubana ukikaa na kutulia ukilala, rudi hospitali, kina tiba.

Kuhusu wajawazito wenye moyo mgonjwa nasikia pia: "Ana ugonjwa wa moyo, lazima apasuliwe." Si lazima. Wengi wao hujifungua kwa njia ya kawaida, wakitulizwa uchungu kwa ganzi ya mgongoni inayotolewa polepole, kidogo kidogo.

"Mtoto akishatoka, hatari imepita." Hii ndiyo mbaya. Mfuko wa uzazi ukijikaza unarudisha karibu nusu lita ya damu kwenye mzunguko kwa mkupuo. Moyo ambao vali yake, yaani mlango wa kupitisha damu, ilibanwa kufuatia mafindofindo ya utotoni unaweza kuzidiwa hapo hapo, mapafu yakajaa maji. Upo pia udhaifu wa misuli ya moyo unaoanza mwezi wa mwisho wa mimba na kuweza kujitokeza hadi mwezi wa 5 baada ya kujifungua, na nyumbani wanasema ni uchovu wa ulezi. Anayeshindwa kulala chali, akaongeza mto wa pili, wa tatu, kisha akahamia kwenye kiti, huyo mleteni usiku huo huo. Na ukija kliniki usiniambie "nachoka kidogo tu". Niambie unalalia mito mingapi.